Goti Langu Mikononi mwa Odhiambo

Kama unasoma haya ukiwa umeulaza mguu juu ya mito miwili na goti limekataa kukunjika, pole. Sitakudanganya kwamba ugonjwa huu utakufundisha subira. Utatukana, utarusha vitu, na utamchukia mtu. Mara nyingi atakuwa mtu wa nyumbani mwako, kwa sababu wa mbali hawafikiki. Mimi nilimchukia kaka yangu Odhiambo, na sababu nilikuwa nayo: ndiye aliyenivunja.

Leo natembea bila gongo. Jumamosi nakimbia tena, polepole, na mteremkoni nashuka kama mama aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Ubaya wenyewe umepita, kwa hivyo naweza kuuandika.

Ninaitwa Otieno. Naishi Mamboleo na mke wangu Akinyi na binti zetu wawili, na nauza misumari, rangi na mabati katika duka la Mzee Harjit mjini Kisumu. Hiyo ndiyo kazi. Lakini kabla ya goti, ungeniuliza mimi ni nani ningekujibu kwamba ni mkimbiaji wa milimani. Sisi hatukimbii barabarani. Tunakimbia kwenye vijia vya ng'ombe, mawe, matope na mito, kilomita hamsini, sitini, na siku mbaya hata zaidi ya hapo. Jumamosi nilikuwa nikitoka kabla jua halijachomoza, napanda Riat, nakata Kajulu, naparamia milima ya Nandi hadi kule juu kwenye chai, kisha narudi nikiwa na udongo hadi kiunoni. Wenzangu dukani walinicheka kwamba Mjaluo akikimbia bila mpira mbele yake, amepotea njia. Nilicheka nao. Nilijua kwamba hakuna hata mmoja wao angenifikia.

Baba yetu alikufa nikiwa katika mashindano huko juu. Alikuwa ameugua muda mrefu nyumbani Seme, na Odhiambo, anayenizidi kwa miaka minne na anayeendesha trekta la miwa huko Muhoroni, alikuwa ameomba ruhusa kazini aende kumuuguza. Alimwosha, akambeba, akamlisha uji kwa kijiko. Mimi nilikwenda Jumapili mbili, nikakaa saa chache, nikarudi mjini nikisema kuna kazi.

Siku ile, kwenye kilomita ya thelathini na nane, nilisimama kula ndizi nikatoa simu mkobani. Odhiambo alikuwa amenipigia mara kumi na moja. Nilijua maana yake, hakuna mtu anayepiga mara kumi na moja kuuliza habari. Nilijiambia kwamba kama amekufa, amekufa, na kama bado, atanisubiri. Nikairudisha simu mkobani nikakimbia kilomita ishirini na mbili zilizobaki. Jioni nilimwambia kila mtu kwamba simu iliishiwa chaji. Akinyi nilimwambia hivyo, mama nilimwambia hivyo. Odhiambo hakuniuliza.

Kwetu, mzee akifariki, mauti hayaachwi yakae bomani. Yanafukuzwa. Siku moja kabla ya maziko wanaume wa ukoo hukusanya mafahali, hushika mikuki na rungu na matawi, hupuliza filimbi na pembe, hukimbia na ng'ombe hao hadi mpakani wakipigana na adui ambaye hakuna anayemwona. Tunaita buru, yaani vumbi, na ukiwa ndani yake utaelewa jina hilo. Siku hizi bodaboda nazo huingia, zikipiga honi na kutoa moshi. Mpaka wetu sisi ni ziwa lenyewe. Hapo unaruhusiwa kupiga kelele ambazo kwingine zingekupeleka kituo cha polisi.

Nilikuwa mbele, kwa sababu mimi ndiye mwenye mbio. Nilikuwa nalia na kupiga mayowe, nimejipaka majivu usoni, nachoma hewa kwa mkuki wa babu. Sitaki mtu aniambie kwamba ni mchezo. Niliyataka hayo mauti niyachome kweli, na nilitaka kujichoma na mimi mwenyewe. Tulipofika kwenye mchanga karibu na maji, fahali mmoja mweusi aligeuka ghafla. Nikakita mguu wa kulia ili nigeuke naye. Pembeni yangu nikamwona Odhiambo, uso mweupe kwa majivu, rungu la baba mkononi. Akalishusha. Kabla ya maumivu nilisikia sauti, kama mtu anayevunja muwa.

Nilianguka, na buru haimsubiri aliyeanguka. Ng'ombe wawili waliniruka. Wa tatu hakuruka vizuri.

Walinibeba kwa mlango wa banda la kuku. Baba mdogo Ogutu, aliyekuwa akiongoza, alisema neno moja nalo likawa sheria: kilichotokea buruni kimeondoka na buru, na anayelalamikia kipigo cha buru anayaita mauti yarudi nyumbani. Watu wakakubaliana kwamba Odhiambo alikuwa amemlenga fahali. Yeye mwenyewe alikuwa amekwenda kuosha uso ziwani. Nami nikiwa nimelala chini na goti linavimba mbele ya macho yangu, nilikuwa na swali moja tu, na sikuruhusiwa kuliuliza.

Sasa sikiliza kosa langu, usilirudie. Mwana hawezi kuondoka bomani baba yake akiwa hajazikwa, hivyo nilikaa. Siku mbili. Mguu ulifikia unene wa gogo, ngozi ikang'aa. Akaletwa mama mmoja mkandaji, mwenye sifa vijiji vitatu, akasema mishipa imeruka. Binamu wawili walinishika mabega. Mama yule akakanda goti kwa maji ya moto na chumvi, kisha akashika kifundo cha mguu akauvuta na kuuzungusha. Nilipiga kelele mpaka waimbaji waliokuwa uani wakanyamaza. Akaniambia wanaume wa mjini ni laini. Wewe, goti ambalo halijapigwa picha asiliguse mtu, hata awe na sifa vijiji thelathini.

Nilimzika baba nikiwa kwenye kiti cha plastiki kando ya kaburi. Odhiambo alisimama ng'ambo ya shimo, akatupa udongo wake, akaondoka bila kunitazama.

Hospitalini mjini, picha ilionyesha kwamba kichwa cha mfupa wa muundi, pale unapokutana na goti, kimepasuka vipande vitatu. Daktari wa upasuaji alikuwa kijana mpole aliyezungumza akiangalia karatasi. Aliniambia ataweka bamba la chuma na skrubu saba. Nilimuuliza nitakimbia lini. Akauliza kama nilikuwa na kazi ya kukaa. Nilimchukia na yeye pia.

Kabla ya upasuaji nililala siku tisa nikisubiri uvimbe ushuke. Wodi ya mifupa ilijaa vijana wa bodaboda, miguu yao imening'inizwa juu. Asubuhi wauguzi walipoanza kubadilisha bendeji, mayowe yalianzia kitanda cha kwanza yakaja yakinifuata. Kitanda cha jirani alilala mzee wa Dunga aliyeng'atwa na kiboko pajani alipokuwa akitega nyavu. Aliniuliza mimi niliumwa na mnyama gani. Nikamwambia ni ndugu yangu. Alifikiri kidogo, akasema, "Afadhali kiboko, bwana. Yeye hajui jina lako." Tulicheka mpaka muuguzi akaja kutugombeza, na hicho kilikuwa kicheko changu cha kwanza tangu maziko. Siku iliyofuata walimpeleka kumkata mguu. Hakurudishwa kitandani pale, na sikuwahi kujua alikwenda wapi.

Nilitoka hospitali mvua za vuli zikiisha. Wiki sita sikutakiwa kukanyaga chini. Niliziishi sebuleni, kwenye godoro, mguu ndani ya kifaa cha chuma na kitambaa kilichofungwa kuanzia pajani. Paja langu, ambalo nililijenga kwa miaka kumi ya milima, lilinywea mpaka likalingana na mkono wa Akinyi. Ngozi ilianza kubanduka. Binti yangu mdogo alinusa akaniambia baba unanuka samaki, na ilikuwa kweli. Dirishani niliona kilima cha Riat, kila siku pale pale. Ilifika mahali nikamwomba Akinyi ashushe pazia.

Huruma zilikuwepo, ndogo ndogo, na sitazinyima haki yake. Mzee Harjit alikuja mwenyewe, akavua viatu mlangoni, akakaa sakafuni karibu nami na magoti yake ya miaka sabini, akanisimulia kila kitu kilichotokea dukani. Alisema ametengeneza stuli ndefu nyuma ya kaunta na hakuna anayeruhusiwa kuikalia. Akinyi, anayeuza mitumba Kibuye, alinichagulia kaptura pana kutoka kila robota lililofunguliwa, ili nisihangaike na suruali. Mama alituma samaki kutoka Seme. Hakutuma salamu za Odhiambo, nami sikuziuliza.

Lakini nilikuwa mtu mbaya. Lazima niliseme, kwa maana wengi wanaoandika habari za ugonjwa wao hujiandika kama malaika waliovunjika bawa. Nilimtukana jirani kwa sababu ya redio. Asubuhi moja binti yangu mkubwa alichelewa kunipa gongo, nilipolipata nikalirusha. Lilipasua ubao wa mlango sentimita chache kutoka kichwani pake. Mtoto hakulia. Aliliokota, akaliegemeza ukutani mbali na mkono wangu, akaenda shule. Mlango huo sijautengeneza mpaka leo, na mimi ndiye muuza misumari.

Wiki ya saba walinifungua kifaa, nikahama godoroni nikarudi kitandani. Nilidhani sasa mateso yamekwisha, nitakunja mguu kama zamani. Goti lilikuwa limekauka. Lilikunjika kidogo tu, likagonga kitu ndani, likasimama. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mmoja mfupi kutoka Nyeri anayeitwa Wambui, alilipima kwa kipimo cha plastiki kama kile cha hesabu za shule: digrii thelathini na tano. Mtu huhitaji tisini ili kukaa kwenye kiti kama mtu, na zaidi ya mia kushuka kilima. Daktari wa upasuaji akatoa hukumu. Mwisho wa wiki ya kumi na tatu, kama sijafika tisini, watanilaza, watalikunja kwa nguvu nikiwa sina fahamu, na ikishindikana watapasua tena. Mara ya pili, alisema, si kila goti hurudi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kukimbia kwangu kumewekewa siku.

Wambui alinikunja mwenyewe mara mbili kwa wiki. Alipanda kitandani, akauweka mguu wangu chini ya kwapa lake, akaegemea kwa uzito wote. Nilimwita majina ambayo mama yangu hajui kwamba nayajua. Alijibu kwa upole wa kuudhi kwamba kwao wanafunga ng'ombe wakali kuliko mimi. Kisha akasema kazi yake peke yake haitoshi: asubuhi na jioni, kila siku, mtu wa nyumbani lazima aukunje mguu kama atakavyomfundisha, na ashikilie mpaka ahesabu mia, hata mgonjwa aseme nini.

Mtu wa nyumbani alikuwa Akinyi. Siku ya kwanza alilia akihesabu, akaachia kwenye ishirini. Siku ya pili alifika thelathini. Siku ya tatu alisema atajikaza, akaegemea, na kitu ndani ya goti kikachanika kwa moto ambao sikuutarajia. Nikampiga kofi usoni.

Nimemaliza sentensi hiyo na nimeinuka kuzunguka nyumba kabla ya kurudi hapa. Maumivu hayakunipa haki hiyo. Nilimwomba msamaha siku hiyo, na baadaye mbele ya kaka zake, na amenisamehe kwa namna anayoijua yeye. Lakini hajasahau na hatakiwi kusahau.

Akinyi alishika shavu. Halafu akanitazama kwa macho makavu.

"Huo mguu sikuuvunja mimi," alisema. "Aliyeuvunja aje aukunje. Na ukiniwekea mkono tena, utanikuta kwa mama yangu."

Akachukua simu yangu, akampigia Odhiambo mbele yangu. Nilimkataza, nikasema nitachukua wembe niukate mguu kuliko aniguse yule. Akinyi alimwambia kwa Kijaluo maneno machache, bila heshima zote anazodaiwa shemeji. Wifi zake wangezirai. Sikusikia jibu. Alikata simu akasema, "Anakuja kesho."

Odhiambo alifika Jumanne na mfuko mdogo wa nguo na mzigo wa miwa kutoka Muhoroni. Alikuwa ameomba likizo yake yote ya mwaka. Alisalimia watoto, akanywa chai, akaja akasimama miguuni pa kitanda changu. Ni mtu mkubwa, mikono yake imekomaa kwa usukani na panga. Tulikuwa hatujasemeshana tangu ufukweni. Aliliangalia goti, lile kovu refu lenye alama za nyuzi pande zote mbili, na sura yake sikuweza kuisoma. Nilitaka atubu. Nilitaka pia aseme lolote lile ili nipate pa kumpigia. Akauliza tu Wambui anakuja saa ngapi.

Wambui alimfundisha dakika kumi. Odhiambo alikuwa mwanafunzi mzuri. Alipata ubao dukani kwa Mzee Harjit, akauweka juu ya matofali ili akae kwa urefu unaofaa, akanilaza kifudifudi, akaushika mguu juu ya kifundo, akaanza kuusukuma kuelekea matakoni. Hakulia, hakuhurumia, hakuachia kwenye ishirini. Alihesabu mia moja kwa sauti ile ile ya mtu anayehesabu magunia. Niliuma taulo nusura niimeze. Kesho yake alimenya kipande cha muwa, akanipa niume badala ya taulo. Nilipomaliza, zilikuwa zimebaki nyuzi tupu, na mdomo wangu umejaa sukari na machozi.

Asubuhi mia, jioni mia, kwa wiki tano. Wadudu wa ziwa walikuja na wingu lao, wakajaa kwenye taa na kwenye chai, wakaondoka. Joto likaanza. Digrii hamsini. Hamsini na nane. Wiki moja nzima hamsini na nane, na Wambui akakunja uso. Sitini na tano. Kila digrii tuliinunua kwa kelele. Majirani walizoea, mama wa nyumba ya pili aliniambia alikuwa akipika ugali kwa kunisikiliza, nikianza kupiga mayowe anajua ni saa kumi na mbili. Odhiambo alinibeba chooni, akanikogesha kama alivyomkogesha baba, akapaka mafuta kovu kwa kidole kimoja. Usidhani hilo lilinilainisha. Nililala pale nikihisi kidole chake nikikumbuka rungu. Nilimhesabia makosa tangu utotoni. Na nilikuwa na woga ambao sikuutaja kwa mtu: mguu ulikuwa mikononi mwake, kila siku mara mbili, na mkono wake ukizidi kidogo tu, nimekwisha.

Tulisema yale ya lazima. Sogea. Lete maji. Mos, yaani taratibu, ambalo nililisema mimi na yeye hakulijali.

Ijumaa ya mwisho kabla ya kliniki tulikuwa kwenye themanini na tano. Daktari alikuwa ananisubiri Jumatatu. Akinyi alikuwa Kibuye, watoto shule, jua limewaka kwenye mabati mpaka nyumba inalialia. Goti lilikuwa limegoma siku tatu. Odhiambo aliketi juu ya ubao wake, akaushika mguu, akasukuma hadi pale linapogonga, akaongeza. Alianza kuhesabu. Kwenye arobaini niliona giza. Kwenye hamsini niliutema muwa, na lile swali likatoka lenyewe.

"Odhiambo, siku ile ulimlenga ng'ombe?"

Aliacha kuhesabu, lakini hakuachia mguu.

"Hapana," akasema. "Nilikulenga wewe."

Nilijipindua. Sijui nguvu ilitoka wapi, mtu aliyelala miezi mitatu. Nilizungusha kiuno, mguu wa kushoto, ule mzima, ukaja na kisigino kikampata mdomoni. Nilisikia meno. Alianguka nyuma na ubao wake, matofali yakamwagika, na mimi nikaanguka kutoka kitandani juu yake. Nikampiga ngumi ya shingo, nikampiga ya sikio, nikitukana, nikilia, nikimwambia muuaji. Angeweza kunivunja shingo kwa mkono mmoja. Alijikinga macho tu, akaniacha nipige mpaka pumzi ikaniishia.

Tulikaa sakafuni, yeye ameegemea kitanda, mimi ukutani, mguu wangu mbaya umenyooka kati yetu. Damu ilikuwa ikimtiririka kidevuni. Alichomoa jino la mbele kwa vidole viwili, akalitazama, akaliweka kwenye mfuko wa shati.

"Siku tatu za mwisho baba alikuwa ananiita Otieno," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ila maneno yalitoka na hewa. "Mimi ndio namuosha. Mimi ndio nageuza yeye. Anashika mkono yangu anasema, Otieno umekuja. Nikimwambia ni Odhiambo, anasema, na huyo Odhiambo ako wapi. Mpaka mwisho hivyo, omera, ndugu yangu. Nikakupigia uongee na yeye tu kwa simu. Halafu nikakuona pale kwa buru uko mbele ya watu, unalia kushinda sisi wote. Nikaona hiyo miguu. Nikasema, hii miguu."

 Hasira yangu yote niliyoilisha kwa wiki nyingi ilikuwa bado pale, haikwenda popote, lakini ilikuwa imekosa pa kusimama.

Akafuta mdomo kwa mkono. "Simu uliiona?"

Ningeweza kusema chaji. Akinyi aliamini, mama aliamini, na yule aliyekuwa akiniuliza hakuwa na njia ya kujua.

"Niliiona," nikasema. "Nilikuwa nimesimama kula ndizi. Niliona zote kumi na moja. Nikaendelea."

Aliinamisha kichwa. Niliona mabega yake yakipanda na kushuka. Nilifikiri atainuka achukue mfuko wake arudi Muhoroni, na Jumatatu nitalazwa na kupasuliwa tena, na nitastahili. Kisha nikafikiri jambo baya zaidi, kwamba atauchukua ule mguu na kuumaliza, na hata kwa hilo singeweza kumlaumu.  Nje mtu alikuwa akiuza mboga, akapita, akapotea.

Odhiambo akainuka. Alitema damu kwenye beseni, akasuuza mdomo. Akayarudisha matofali moja moja, akauweka ubao juu yake na kuujaribu kwa mkono kama umetulia. Akanishika makwapani, akaninyanyua, akanilaza kifudifudi. Akakata kipande kipya cha muwa, akakimenya, akakishusha mbele ya mdomo wangu. Kilikuwa na damu ya vidole vyake.

"Uma," akasema. "Zimebaki digrii tano."

Nikauma.